Harusi Iliyongoja Hesabu

Nilipofika Raskazone, Tanga, Zuwena alikuwa ameshazikwa. Basi nililopanda kutoka Lushoto liliharibika njiani, na mazishi ya Kiislamu hayangoji basi. Nikavua viatu mlangoni kwa binti yake Salma, nikajitanda khanga vizuri, nikakaa mkekani katikati ya wanawake waliokuwa wakisoma Kurani, mimi bibi wa Kilutheri wa kutoka milimani, nikanyamaza kwa adabu zangu zote. Hakuna aliyenishangaa. Wakubwa walinijua kwa jina moja tu, Mwalimu, na wadogo wakasogezwa nipate ukuta wa kuegemea. Salma akainama akaninong'oneza: "Pole na safari, mama Mwalimu. Mama ameacha neno lako. Watu wakipungua nitakwambia." Nikamwambia nitangoja. Katika nyumba za watu hawa nilishazoea kungoja, na aliyenizoesha ni huyo huyo mama yake.

Niseme mapema kwamba hii ni habari ya namba. Kwa miaka yote niliyofundisha, kila darasa jipya nililiandikia ubaoni namba ile ile: 13,731,953. Milioni kumi na tatu, laki saba, elfu thelathini na moja, mia tisa hamsini na tatu. Nikawaambia watoto, hii ni namba kaidi. Vitabu vya leo vinaiita namba tasa, yaani namba isiyogawika sawasawa kwa nyingine yoyote ila moja na yenyewe. Igawe kwa saba, inabakiza. Igawe kwa kumi na tisa, inabakiza. Endelea utakavyo, hutaivunja. Wakaidi wenzake darasani walijaribu mpaka kengele ikalia, na mimi nikasimama dirishani nikifurahi, maana kila ilipowashinda nilimsikia Zuwena akicheka. Mwalimu mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza nina hakika gani. Nikamjibu kwamba namba hiyo ilihakikiwa na mtu ambaye sijapata kumwona akikosea hesabu. Sikuwahi kuirudia mwenyewe. Kuirudia kungekuwa kumtilia shaka, na mimi kwa Zuwena kilichonibakia ni kumwamini tu.

Tulisoma darasa moja hapo Tanga mwaka 1953. Yeye alikuwa wa kwanza kwa hesabu na mimi wa pili, na kwa muda mrefu nilimwonea kijicho, wala sikukificha, mpaka siku aliponikalisha chini akanionyesha namna ya kujua kama namba inagawika kwa kumi na moja bila kuigawa. Toka siku hiyo tukawa chanda na pete. Mhogo wa kuchoma wa saa nne tuliukata katikati, naye alinipa mimi upande uliobabuka vizuri. Halafu Zuwena akavunja ungo, posa ikaja kutoka Moa kwa watu wenye mashamba ya minazi, na wazee wake wakamweka ndani kama ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi za Waarabu wa Tanga. Kiti chake darasani kikapata mtu mwingine wiki ile ile. Nikavumilia, nikashindwa, nikaenda kwao mtaa wa Usagara kumwombea.

Baba yake, Bwana Seif, mfanyabiashara wa mbata, nazi zilizokaushwa, alikuwa sebuleni akinywa kahawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea sahani ya tende kabla hajaniuliza kilichonileta, kwa kuwa kwake mgeni aliulizwa haja yake akiwa tayari anatafuna. Nikasema nataka niwe nakuja alasiri kusoma na Zuwena.

"Kusoma ajua," akasema. "Kuandika ajua. Kurani kahitimu. Lililobaki ni lipi, mwanangu?"

Nilitazama kokwa ya tende mkononi. Ndipo sauti ya Zuwena ikatoka nyuma ya pazia la ndani, imetulia, ya mtu asiye na wasiwasi wowote.

"Baba, kuna hesabu moja tuliianza na Eliza. Haijesha."

"Hesabu gani?"

Ukutani kwa Bwana Seif zilitundikwa kalenda mbili, na kutoka pale alipokuwa Zuwena kupitia upenyo wa pazia zilionekana zote mbili. Ya kushoto ilikuwa ya Waislamu, ambao mwaka wao mpya ulikuwa umeingia juzijuzi, na juu yake iliandikwa 1373. Ya kulia ilitolewa na kampuni ya meli, nayo iliandikwa 1953. Zuwena akazisoma zote pamoja kwa mkupuo mmoja kuwa namba moja, milioni kumi na tatu na kitu, hakusita hata mara moja. "Twataka kujua yagawika au haigawiki," akamaliza.

"Yagawika kwa ngapi?"

"Ndilo tulitafutalo, baba."

Bwana Seif alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Kisha akakunja uso, maana alikuwa mtu wa neno moja na hakulitoa ovyo. "Hesabu haiachwi katikati. Haya, ifanyeni. Lakini ikisha hesabu, masomo yamekwisha, na mtu asinililie." Nikainuka kumshukuru, na yeye akanikumbusha kwamba tende zilikuwa bado sahanini. Hivyo ndivyo namba ile ilivyozaliwa, mwaka wao na mwaka wetu imebandikwa pamoja, kwa sababu msichana mmoja alikuwa na haraka ya kupata uongo.

Uongo ukageuka kweli siku ya pili yake. Chumba cha Zuwena kilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilikuwa na vibao vya mbao vya kuinamisha, ukaona barabara lakini barabara isikuone. Kulikuwa na kitanda cha samadari ambacho hatukuruhusiwa kukalia na viatu, mkeka wa ukili, na harufu ya udi iliyokaa ndani ya mapazia hata udi usipochomwa. Tulikuwa na vibao vya mawe viwili na chaki, na karatasi ya kufungia sukari ambayo juu yake tuliandika namba zote za kujaribia. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ametufundisha kwamba huna haja ya kujaribu kila namba. Ukishashindwa kugawa kwa mbili, ya nne na ya sita unajisumbua bure; unajaribu zile kaidi tu. Tena huna haja ya kuvuka ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaifikia namba yako, na kwa namba yetu hiyo ilikuwa elfu tatu mia saba na kidogo. Hata hivyo karatasi ile ilijaa namba zaidi ya mia tano. Tukagawana. Mimi nikachukua zinazoishia na moja na tatu, Zuwena akachukua zinazoishia na saba na tisa. Kila mtu aligawa kwenye kibao chake, akataja kilichobaki, akafuta kwa kitambaa cha maji, akaipiga mstari namba ile kwenye karatasi, akaenda kwenye inayofuata.

Kumi na tatu yangu ilibakiza moja tu, nikapiga kelele kama nimeumwa na siafu. Zuwena alipofika mia sita kumi na saba yake nayo ikabakiza moja, akalala chali mkekani akicheka. "Yatuchezea hii, Eliza. Yafika mlangoni yarudi." Mama yake, Bi Thureya, aliposikia vicheko alikuja na sinia. Siku moja ni mkate wa kumimina wenye iliki, siku nyingine visheti, na mara moja moja pweza wa nazi aliyenifanya nirudi kwa shangazi yangu Ngamiani nisitamani tena bada la jioni, ule ugali wa mhogo. Nilikula nyumba ile kuliko nilivyosoma. Na sasa ninapokaa mezani peke yangu na mkate wa dukani nasikia wazi vibao vya dirisha vile vikigongwa na upepo, na Bi Thureya akisema, "Kuleni kwanza, namba haina miguu."

Siku moja Bi Thureya alinishika mkono ngazini. "Mwanangu Eliza, niambie kweli. Hiyo muipigayo huko juu ni nyota ya mwanangu?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kabla ya harusi hupelekwa majina ya bwana na bibi kwa mwalimu wa chuoni, chuo cha Kurani, akayageuza kuwa namba, akaigawa, akasoma kwenye kinachobaki kama nyota zao zinapatana. Alidhani na sisi tunafanya hivyo, ila kwa Kizungu. Nikamwambia hapana, mama, ni hesabu tu. Akanitazama kwa huruma, mtoto asiyejua anachokishika. "Haya. Lakini ikigawika, si ndoa nayo itagawika?" Tangu hapo akawa anaiombea isigawike, na sinia zikazidi kujaa.

Wazee wa Moa walikuja kabla ya vuli kwisha. Sisi tulikuwa juu, na sebule ilikuwa chini ya miguu yetu, na sakafu za mbao hazina siri. Tukalala kifudifudi tukasikiliza.

"Bwana Seif, tumekuja kutaka siku."

"Siku itapatikana, inshallah. Binti ana hesabu, haijesha."

"Hesabu ya nini tena?"

"Ya kugawa."

Kisha sauti nyingine, ya kistaarabu sana, ikauliza kama wamletee mtu wa kumsaidia. Bwana Seif akajibu kwamba hapana, asante, amempa mtoto neno lake. "Nikimvunjia la hesabu leo, kesho ataliamini lipi?" Wakanywa kahawa yao wakaondoka. Mimi nilikuwa naziba mdomo nisicheke, nikageuka kumtazama Zuwena, nikamkuta hacheki. Alikuwa ameweka shavu sakafuni, macho yamemtoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba harusi ilikuwa inangoja namba yetu. Siku itakayogawika, hata kama ni kesho, masomo yanakufa na siku ya harusi inatajwa. Isipogawika, tunayo karatasi nzima ya kupita mpaka mwisho.

"Humtaki?" nikamuuliza.

"Sijamwona, nitamkataaje?" akasema. "Huenda ni mwema. Mimi nataka alasiri zangu tu, shoga yangu. Nikenda Moa nani atanambia imebakiza ngapi?"

Basi tukawa tunaigawa na kuiogopa. Kila nilipofika tarakimu ya mwisho niliandika polepole, na kilipobaki chochote, hata moja, nilishusha pumzi. Lakini nilikuwa msichana wa kanisani, tena wa pili darasani, na ukweli kwangu haukuwa mchezo. Nikamwambia Zuwena lazima tule kiapo. Ikigawika kwangu au kwake, tunasema siku hiyo hiyo, tunashuka ngazi tunamwambia baba. Alifikiri kidogo huku akizungusha bangili mkononi. "Wewe ungesema?" akauliza. "Hata ingekuwa ndiyo mwisho wetu?" Nikamwambia ningesema. Akaniambia, "Najua," na tukaendelea na kazi.

Masika yalikuja kwa nguvu mwaka ule wa pili. Nakumbuka alasiri moja ambayo mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti, na barabara ya Usagara chini ikawa mto wa maji mekundu. Tulishavuka elfu mbili. Zuwena alikuwa ameinamia kibao chake, mgongo kwa dirisha, nami nilikuwa nimemaliza yangu nikingoja naye amalize yake. Akaweka chaki chini. Akakitazama kibao kwa muda, kwa muda mrefu kuliko hesabu yoyote aliyowahi kufanya. Halafu akachukua kitambaa, akafuta polepole kutoka juu hadi chini, akarudia tena pale palipokuwa pameshafutika.

"Imebakiza ngapi?" nikauliza.

Akanitazama usoni. "Nyingi," akasema. "Imebakiza nyingi." Akaivuta karatasi akaipiga mstari namba yake, akainuka kwenda kuchukua chai, yeye mwenyewe, bila kumngoja mama yake, na aliporudi akanipa kipande kikubwa cha mkate. Mimi nilifurahi kwa kipande kikubwa. Nilikuwa na umri wa kufurahia kipande kikubwa bila kuuliza.

Baada ya hapo alianza kuchelewa. Aligawa moja, akaweka chaki, akaniuliza habari za shule, nani kakaa kiti chake, bahari ya Raskazone ina rangi gani siku hizi, na Lushoto kuna baridi ya namna gani, yaani mtu akiamka asubuhi aona nini. Nilimweleza kila kitu, ukungu, mapeasi, kengele ya kanisa, na yeye akafumba macho ili asikie vizuri. Lakini ushindani ulikuwa haujaniisha. Nilitaka niwe mtu aliyeimaliza karatasi ile, nikamwambie mwalimu wetu. Siku moja nikamkemea. "Zuwena, unatuchelewesha!" Akacheka, akanitupia kitambaa chenye maji. "Wakimbilia wapi, shoga yangu? Huko mbele kuna nini?" Swali lile nimekaa nalo miaka yote. Nilikokuwa nakimbilia nilifika, nikafundisha, nikazeeka, na sijapakuta mahali pazuri kuliko mkeka ule.

Ramadhani ikaingia. Tulifanya kazi njaa zinauma, yake ya saumu, yangu ya kumwonea haya kula mbele yake, na magharibi Bi Thureya alinilazimisha nifuturu nao, uji wa pilipili manga na tambi za sukari. Idi ikapita. Karatasi ikawa imechoka, imejaa mistari, na chini kabisa zimesalia chache. Ya mwisho ilikuwa inaishia na moja, kwa hiyo ikawa yangu. Ikabakiza. Nikaruka, nikamkumbatia, nikamwambia haigawiki, Zuwena, ni kaidi, tumeithibitisha! Akanishika kwa nguvu kuliko nilivyomshika mimi. "Haigawiki," akasema begani kwangu. "Hebu useme tena."

Ijumaa ile Bwana Seif, aliyekuwa akiuliza kila Ijumaa akitoka msikitini, aliuliza kama kawaida yake, "Imekwisha?" Miezi yote alijibiwa, "Bado, baba." Safari hii Zuwena akasema, "Imekwisha. Haigawiki kwa chochote." Bi Thureya akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje. Bwana Seif nadhani na yeye alikuwa ameizoea namba ile, lakini akasema hesabu njema ni ile iliyokwisha, na siku ya harusi ikatajwa kabla ya isha. Nilikuwapo harusini. Nilimwona akiwa amepambwa, macho chini, mikono imejaa hina, na aliponiona kati ya wanawake aliinua kidole kimoja kidogo tu, kuniashiria: imebakiza moja. Nikalia mbele za watu. Lori la mzee wa Moa likamchukua kesho yake.

Tuliandikiana mwanzoni, kisha watoto wakaja, wake na wangu, na kazi zikanipeleka bara. Tulionana kwenye misiba na harusi, daima kati ya watu, daima mmoja wetu ana sinia mkononi. Mume wake alikuwa mwema kweli, aliniambia hivyo bila kuulizwa. Kila mara tukiagana nilimuuliza, "Haigawiki?" na yeye akajibu, "Haigawiki," na mimi nikapanda basi langu nikiwa nimeshiba. Nilimtamani maisha yangu yote na sikumwambia. Nilidhani kuna siku tutakaa tena, sisi wawili, na alasiri nzima mbele yetu.

Watu walipopungua pale Raskazone, Salma alinipeleka chumba cha ndani. "Mama siku zake za mwisho alikuwa akirudia neno moja," akasema. "Eliza akija, mwambieni elfu mbili na sitini na tisa. Tukimuuliza ya nini, acheka. Kaka akadhani ni namba ya kiwanja kilichofichwa. Mjukuu wake akasema ni mwaka wa kiama. Wewe waijua, mama Mwalimu?"

Nilimwomba kalamu. Akaniletea, pamoja na kisanduku kitupu cha majani ya chai, akakipasua nikapata upande mweupe wa ndani. Elfu mbili na sitini na tisa inaishia na tisa, nikajiambia, ilikuwa fungu lake. Nikaandika namba yetu, nikapiga mstari, nikaanza kugawa kama tulivyogawa siku zile. Ikaingia mara sita. Nikashusha tisa, ikaingia mara sita tena. Nikashusha tano, mara tatu. Nikashusha ile tatu ya mwisho, ikaingia mara saba, nikatoa, na chini ya mstari hapakubaki kitu.

Sikuhitaji kujiuliza ilikuwa siku gani. Niliisikia mvua juu ya bati, nikaona kitambaa kikipita juu ya kibao mara mbili. Tulikuwa tumekula kiapo, na aliniuliza kama ningesema, na mimi nilijibu haraka, kwa fahari. Alijua ningesema. Ningeshuka ngazi zile mbio kwa Bwana Seif, na wazee wa Moa wangepewa siku kabla ya masika kwisha. Kwa hiyo akaificha hata kwangu, akabaki ghorofani na mimi niliyekuwa nikihimiza tumalize, na tukapata masika yote, na Ramadhani nzima, na Idi. Ameniibia ukweli mmoja, na kwa huo amenipa miezi niliyoishi nayo mpaka leo. Nililia pale juu ya kile kisanduku cha chai, nililia vibaya, kwa kumtaka.

Salma alingoja mpaka nilipojipangusa. Alikuwa amesimama na kikombe cha kahawa, akitazama tarakimu zangu zilizopinda.

"Imekwisha hiyo hesabu, mama?"

Nikakikunja kisanduku mara mbili, nikakitia ndani ya khanga, kifuani.

"Bado, mwanangu," nikamwambia. "Haijesha."